Chumvi Isiyoyeyuka

Nkirote alipokea kikombe cha chai kutoka mikononi mwa mshukiwa, akapuliza mvuke, akanywa, akasifu tangawizi. Lynette, aliyeketi upande wa pili wa meza na chupa yake ya maji ya dukani, alimtazama kwa macho ya mtu anayengoja mwenzake aanguke.

"Auntie, kweli unakunywa hiyo?"

"Nimeinywa tangu Jumanne," Nkirote alisema. "Shida pekee niliyopata ni kwamba ya kwangu nyumbani sasa hainishuki."

Mshukiwa mwenyewe, Mama Griffins, alikuwa amesimama kando ya jiko akikoroga uji wa wimbi. Alikuwa mama mfupi, leso kiunoni juu ya sweta mbili, maana ukimwambia kwamba Machi ndio mwanzo wa joto Minnesota anakuona mwongo. Hakugeuka aliposifiwa. Karibu na mlango wa jikoni lilisimama sanduku lake, limekwisha kufungwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kemunto, mke wa Griffins, nesi kwa kazi na mjamzito wa miezi sita, alianza kuumwa tumbo na kuishiwa nguvu. Kliniki ilipompima ilimkuta na aseniki mwilini, na pamoja nayo madini ya risasi. Hakikuwa kiasi cha kumzika mtu, lakini kilitosha kumfanya daktari avue miwani na kuvuta kiti karibu. Kemunto aliamini ni maji ya kisima cha nyumba yao hapa Inver Grove Heights, kwa kuwa visima vya Minnesota vinajulikana kwa tabia hiyo. Dada yake Lynette, mfamasia wa hospitali moja huko Maplewood, hakuamini kisima. Aliamini ni ile mikono iliyotoka Kisii mwezi wa Januari na kupika kila kitu alichokula Kemunto tangu hapo.

Basi Lynette akakata tikiti. Mama Griffins angepanda ndege kesho jioni, kimya kimya, la sivyo angeita polisi. Kemunto hakuambiwa kitu, asije akapandisha presha na tumbo lile. Kwake ilisemwa tu kwamba mama mkwe amekumbuka nyumbani. Griffins, aliyekwama kati ya mama na mke, alifanya la maana: alimtafuta Nkirote.

Nkirote alikuwa ameitumikia maabara ya sumu miaka mingi kabla ya kufungua ofisi ya upelelezi Richfield, juu ya saluni ya kusuka. Jioni mbili kwa wiki alifundisha chuoni historia ya sumu na watu waliozifichua. Wanafunzi walimpenda kwa sababu alizisimulia kesi za karne zilizopita kama umbea wa jirani, na yeye aliwapenda kwa sababu walicheka panapostahili.

"Haya, results," Lynette alisema.

"Zimekuja jana. Majani ya chai, safi. Unga wa wimbi, safi. Omena, safi. Thermos nimeisuuza nikapima masuuzo, safi. Maji ya kisima, safi kuliko hayo uliyobeba, pengine. Na kikombe kitupu, safi."

"Kikombe kitupu? Cha nini?"

Swali hilo Nkirote alikuwa akiliombea. Aliweka chai chini.

"Mwaka wa 1859, Uingereza, daktari mmoja anaitwa Smethurst alishtakiwa kumlisha sumu mwanamke aliyeishi naye. Mtaalamu mkubwa wa sumu wa siku hizo akapima chupa ya mshukiwa, akaapa kwamba ina aseniki. Halafu ikagundulika kwamba aseniki ilitoka kwenye shaba aliyotumia kupimia. Sumu alikuja nayo mwenyewe! Mimi tangu nisikie habari hiyo naanza kwa kushuku vyombo vyangu."

"Hiyo ni history, Auntie. Mimi niko na dada mgonjwa hapo juu. Kama chakula ni safi leo, ni kwa vile anajua unapima."

Wazo hilo halikuwa la kijinga, na Nkirote hakulipuuza. "Nililifikiria. Kwa hiyo nilichukua uji uliogandishwa kwenye friza kabla sijaitwa. Nao ni safi. Tena Griffins anakula sufuria moja na mkewe, na vipimo vyake havina kitu."

"Basi anamwekea kwa kikombe chake peke yake."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria, kisha ukaendelea kuzunguka.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera Nkirote tangu Jumanne, nalo lilikuwa risasi. Aseniki peke yake angeielewa. Katika kesi za kale ilikuwa sumu ya wake, ya waume na ya warithi wasio na subira. Lakini nani anamwekea mtu aseniki, halafu anakumbuka kuongeza na risasi kidogo? Muuaji wa namna hiyo hakuwahi kukutana naye, si maabara wala darasani.

"Mama, acha uji kidogo. Njoo ukae," alisema.

Mama Griffins alizima jiko, akajifuta mikono kwenye leso, akaketi. Alimtazama Nkirote usoni bila wasiwasi, na Nkirote akajisikia vibaya kwa swali alilokuwa nalo mdomoni. Hata hivyo aliliuliza, maana ndiyo kazi.

"Mama, umewahi kumpa Kemunto dawa yoyote? Mizizi, majani, kitu cha kuosha tumbo?"

"Hapana."

"Kitu cha kumpa nguvu?"

"Uji. Na mboga ya managu, nikipata. Hapa kwenu mnauza managu kama dhahabu."

"Kitu kingine chochote?"

Mama alikunja pindo la leso, akalikunjua. "Sijampa kitu ambacho hakuniomba."

Nkirote alisogea mbele. "Na alikuomba nini?"

Mama alilikunja pindo tena.

"Mama?"

"Niliahidi," Mama Griffins alisema.

"Umesikia?" Lynette alipiga meza kwa kiganja. "Umesikia mwenyewe! Alimwahidi nani? Aliahidi nini?"

"Punguza sauti, mgonjwa amelala," Nkirote alimwonya. Kisha kwa upole: "Mama, unajua kesho unapandishwa ndege. Unajua wanasema nini juu yako. Mjukuu atazaliwa wewe uko Kisii, na huenda usiruhusiwe kumbeba hata siku moja. Neno moja tu linaweza kukuokoa."

Macho ya mama yalijaa maji, lakini taya halikulegea. "Nitapanda hiyo ndege," alisema. "Mtoto azaliwe salama. Mimi nitamwona kwa simu."

Nkirote amehoji waongo wa kila aina, wale wanaolia, wale wanaoapa, wale wanaokuuliza kwanza hali ya watoto wako. Huyu hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyeshika siri ya mwingine kwa mikono miwili, na siri yenyewe ilikuwa inamchoma. Nkirote alimpenda hapo hapo, jambo ambalo mpelelezi hatakiwi kulifanya kabla kesi haijaisha.

Mlango wa gereji ukafunguliwa kwa kishindo. Griffins aliingia akiburuta mashine ya kufyonza vumbi, kofia ya sufi imemkaa upande, uso umechoka.

"Auntie, hii chumvi ya barabara itanimaliza," alisema. "Nasafisha gari ya Kemunto tangu alfajiri. Kwa mats, sawa, naelewa, theluji inayeyuka, viatu vinabeba. Lakini mpaka kwa cup holder? Mpaka kwa kiti, katikati ya mishono? Mtu ana-drive aje ndio chumvi ifike hapo?"

"Ana-drive na miguu juu," Lynette alisema bila kucheka.

"Na vile hataki niiguse hiyo gari! Leo nimeiba key akiwa amelala. Next week ni dentist tena, ile jino alivunja akitafuna ice."

Nkirote aliweka kikombe chini taratibu.

"Jino lipi?"

"La nyuma, huku." Griffins alijigusa shavu. "Nilimwambia wachana na ice, ukae kama Mkenya."

"Ulimwona akitafuna hiyo barafu?"

Griffins alifikiri. "Nilimsikia. Usiku, kwa giza. Krr, krr."

"Nionyeshe gari," Nkirote alisema, na alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Gereji ilikuwa baridi kuliko nje. Nkirote aliinama kwenye mlango wa dereva, akawasha taa ya simu. Juu ya zulia la miguuni chumvi ilikuwa imekauka kwa mistari myeupe, kama ilivyo kwenye kila gari la jimbo zima mwezi huu. Kwenye kishikio cha kikombe kulikuwa na kitu kingine. Kilikuwa vumbi la kijivu, laini, lenye vipande vidogo vilivyomeguka. Alichovya kidole, akasugua na cha gumba. Halikukwaruza kama chumvi. Liliteleza kama poda.

Hapo akacheka peke yake, kicheko kifupi, na Griffins akadhani amechanganyikiwa.

"Auntie, ni nini?"

"Nimekumbuka mzee mmoja wa Paris. Nipatie vijiko viwili, na tusisemezane mpaka tufike mezani. Nataka nione nyuso."

Mezani aliomba glasi mbili za maji ya moto. Mama Griffins alimletea bila kuuliza. Lynette alikunja mikono kifuani. Nkirote alitia kijiko cha kwanza kwenye glasi ya kushoto, akakoroga.

"Hii imetoka kwenye zulia. Tazameni."

Maji yalifanya ukungu kidogo, kisha yakatakata tena, uchafu wa viatu tu ukibaki chini. Chumvi ilikuwa imekwenda zake.

"Na hii imetoka kwenye kishikio cha kikombe." Alitia kijiko cha pili, akakoroga, akakoroga tena. Maji yaligeuka rangi ya mto wa masika na hayakutaka kutulia. Vumbi halikuyeyuka hata chembe.

Kisha harufu ikaja. Ilipanda na mvuke, ikatanda jikoni polepole: harufu ya mvua ya kwanza ikigonga udongo uliokauka miezi mingi. Griffins alifumba macho bila kujua. Hata Nkirote, ambaye alijua inakuja, aliikumbuka baraza ya nyumba yao Meru na bati likilia kwa matone, na kwa nukta moja akataka kwenda nyumbani.

Lynette alimeza mate. Akameza tena.

"Lynette," Nkirote aliuliza, "una watoto wangapi?"

"Wawili. Kwa nini?"

"Ulipokuwa na mimba zao ulitamani nini?"

Mikono ya Lynette ilishuka kutoka kifuani. Aliinamia glasi, akanusa, na umri wote wa ufamasia ukamtoka usoni. "Odowa," alisema. "Mungu wangu. Hiyo ni odowa."

Hakuna Mkenya asiyeyajua yale mawe laini ya udongo, yanayouzwa sokoni kwa mafungu, ambayo wajawazito huyatafuna kama karanga. Watanzania huyaita pemba. Haika, msusi wa kule saluni, aliwahi kumwapia Nkirote kwamba alipokuwa na mimba angeuza kitanda chake kwa kipande kimoja.

Mama Griffins alikuwa ameziba mdomo kwa leso. "Mimi sijasema," alinong'ona. "Mungu ni shahidi, mimi sijasema."

"Hujasema, Mama. Glasi ndiyo imesema."

Ngazi zikalia. Sauti ya usingizi ikamtangulia mwenyewe: "Ni nini hiyo inanukia vizuri hivyo?"

Kemunto alitokea mlangoni na gauni lake la nyumbani, tumbo mbele, mkono mmoja ukutani. Aliona glasi. Akaona nyuso. Mkono wa pili ukaingia mfukoni haraka, na hapo kila mtu akautazama mfuko.

"Leta, Kemunto," Nkirote alisema. "Hakuna atakayekugombeza."

Kemunto alisita, halafu akatoa kipande cha udongo wa kijivu, ukubwa wa kidole gumba, kimeng'atwa upande mmoja. Alikiweka mezani, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Kliniki waliniuliza," alisema. "Kama nakula udongo, chaki, kitu yoyote si chakula. Nikasema no. Nitasema aje yes? Mimi ndiye huuliza wagonjwa hiyo swali kazini, na nikitoka hapo nakaa kwa gari natafuna." Alijaribu kucheka, ikamshinda. "Lakini hiyo inahusiana nini na kisima?"

"Kaa kwanza," Nkirote alisema, na Griffins akamvutia mkewe kiti.

"Mwaka wa 1840 huko Ufaransa alikufa bwana mmoja wa jina la Lafarge, na mkewe akashtakiwa kumpa aseniki. Wapimaji wa pale walivurugana, huyu anaona sumu, huyu haoni. Akaitwa mtaalamu kutoka Paris, Orfila. Wakafukua maiti. Sasa sikilizeni: Orfila hakupima maiti peke yake. Aliagiza na udongo uliouzunguka mwili, akaupima nao. Alijua kwamba udongo wenyewe unaweza kuwa na aseniki, ukamsingizia mtu. Yeye akakuta udongo hauna hatia. Sisi hapa tumepima chai, tumepima uji, tumepima mpaka kikombe kitupu, na udongo hatukuuuliza kwa sababu hatukujua upo." Alikigusa kipande kile kwa kijiko. "Kilichonisumbua ni risasi. Mwenye nia mbaya huchagua sumu moja. Udongo hauchagui, unabeba vyote, aseniki, risasi na vinginevyo, kutegemea umechimbwa wapi. Hiki nakipeleka maabara leo, na mpaka waseme, mimi nasema nadhani. Lakini nadhani kwa nguvu sana."

"Na mtoto?" Griffins aliuliza.

"Daktari aambiwe ukweli leo hii, asubuhi hii, kabla ya uji. Kemunto aache kabisa. Watampima tena na tena na kumwangalia kwa karibu. Sumu iliyojulikana inatoka wapi ni nusu ya dawa."

Kemunto alikuwa akitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka, mpaka jicho lake likagota kwenye sanduku karibu na mlango. Kisha kwenye uso wa dada yake. Unesi haukuwa umempita bure. Alijua kusoma wodi nzima kwa kutupa jicho mara moja.

"Nia mbaya ya nani?" aliuliza. "Auntie amesema mwenye nia mbaya. Nani alikuwa na nia mbaya hapa?"

Griffins alilitazama sanduku.

"Mama anaenda wapi kesho? Mlisema amekumbuka nyumbani." Sauti ilipanda. "Lynette! Mlisema Mama amekumbuka nyumbani!"

"Ilikuwa ni wewe nafikiria," Lynette alisema kwa sauti ndogo. "Wewe na mtoto."

Kemunto alimgeukia mama mkwe wake. "Walikuambia unaniua? Na ukanyamaza?"

"Uliniambia nisimwambie mtu," Mama Griffins alisema. "Hata dada yako ni mtu." Lakini hakuwa akimtazama Kemunto. Alikuwa akikitazama kile kipande mezani. "Ngoja. Kwa hivyo ni kweli. Mimi ndiye nilikileta. Nilikiweka kwa soksi za marehemu mzee, nikawadanganya watu wa airport, nikakuletea na mkono wangu huu. Kumbe ni mimi kweli."

Hilo Nkirote hakuwa amelitarajia, na lilimchoma. Alikuja kumsafisha mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anajihukumu. Alifungua mdomo kutafuta mfano kutoka karne yoyote ile, akakosa.

Kemunto hakuhitaji mfano. Alisogeza kiti kwa kishindo, akamkumbatia mama mkwe wake ubavuni, tumbo likiwa katikati yao. "Mama, mimi ndiye niliagiza. Nilikupigia WhatsApp mara ngapi? Ulikula odowa ukiwa na mimba ya Griffins, mama yako alikula ukiwa tumboni. Nani alitufundisha kupima udongo? Mimi niliyesomea nilikuwa sijui. Wewe ungejulia wapi?"

"Sanduku nalirudisha juu," Griffins alisema. Alilibeba kwa mkono mmoja, na walimsikia akipanda ngazi mbili mbili.

Nje theluji ya paa iliendelea kudondoka kwa matone. Lynette alikuwa amesimama peke yake karibu na jokofu, chupa ya maji mkononi. Aliiweka chupa kwenye sinki. Akaenda kabatini, akachukua kikombe, akaijia meza na kukishikilia mbele ya Mama Griffins kwa mikono yote miwili, kichwa kimeinama.

"Mama, naomba chai," alisema. "Na naomba unisamehe. Nilikukosea vibaya."

Mama Griffins alipangusa macho kwa leso. Alimtazama huyo msichana aliyekataa kuonja hata maji kutoka mkononi mwake kwa wiki nzima. Kisha akanyanyua thermos, akamimina.

"Nijaze?"

"Jaza, Mama."

Lynette alikunywa huku wote wakimtazama, Nkirote kwa makini kuliko wengine, kwa mazoea tu. Alishusha kikombe na kulamba mdomo.

"Ni tamu," alisema. "Imekosa sukari kidogo."

"Sukari iko hapo kwa meza," Mama Griffins alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akacheka mpaka sweta zikatikisika. "Jiwekee mwenyewe. Usije tena ukasema ni mimi."